Alaska au Nunavik: ukitaka kuiga, uige wapi?

Mtu akikabidhiwa kazi ya kupanga huduma za afya kwa watu waliotawanyika, wawe wa visiwani, wa msituni au wa kwenye malisho, hachelewi kuanza kutafuta wa kumwiga. Kaskazini ya mbali ipo mifano miwili iliyokwisha kukaa miaka mingi, ikapigwa na baridi na siasa, na bado imesimama. Mmoja ni wa wahudumu wa afya wa vijiji vya Alaska, Marekani. Wa pili ni wa wakunga wa Kiinuiti wa Nunavik, kaskazini mwa jimbo la Quebec nchini Kanada. Yote miwili iko mikononi mwa wenyeji wa asili, na kwenye semina hutajwa kana kwamba ni mapacha. Si mapacha. Ukichukua mmoja ukidhani umechukua mwingine, utaligundua kosa lako mwaka wa tatu, fedha zikiwa zimekwisha.

Kila mmoja ulianzia wapi

Alaska ilianza na kifua kikuu. Katika miaka ya 1950 ugonjwa huo ulikuwa unawamaliza wenyeji. Dawa zilikwishapatikana, lakini dawa za kifua kikuu si za siku tatu. Zinataka miezi mingi bila kukosa, na mtu wa kuhakikisha kwamba zimemezwa. Daktari yuko mamia ya kilomita, kijiji hakina barabara, vitanda vya hospitali havitoshi. Basi wakachaguliwa watu wa vijiji vile vile kugawa dozi. Na ukishakuwa na mtu anayeaminiwa kugawa dawa, haipiti wiki kabla mama hajabisha hodi na mtoto mwenye homa. Kazi ikapanuka yenyewe. Mwaka 1968 mpango ukatambuliwa rasmi na kutengewa fedha na Bunge la Marekani, miaka 10 kabla ya mkutano wa Alma-Ata ulioifanya huduma ya msingi ya afya iwe wimbo wa dunia nzima. Sisi tuliozoea kuambiwa kwamba mhudumu wa kijiji ni suluhisho la nchi maskini, tarehe hiyo inatupa haki ya kutabasamu kidogo. Hesabu inayotajwa kwa kawaida leo ni wahudumu wapatao 550 katika vijiji zaidi ya 170.

Nunavik haikuanza na ukosefu wa tiba. Ilianza na hasira. Huko kuna vijiji 14 kandokando ya Ghuba ya Hudson, Mlango-bahari wa Hudson na Ghuba ya Ungava, vyenye watu wapatao 14,000 kwa jumla, karibu wote Wainuiti. Hakuna barabara ya kutoka kijiji hadi kijiji, wala ya kwenda kusini. Kuanzia miaka ya 1970 ikawa desturi kuwapandisha wajawazito ndege wakajifungulie katika hospitali za mbali. Mama aliondoka wiki kadhaa kabla ya siku zake, akakaa peke yake kati ya watu wasiojua neno la Kiinuktituti, huku watoto wake wengine wameachwa kwa bibi. Wanawake wa kijiji cha Puvirnituq wakakataa. Hospitali ilipokuja kijijini kwao walidai kwamba uzazi ufanyike humo, mikononi mwa wakunga, na wakunga hao wawe mabinti zao. Huduma ya uzazi ilifunguliwa Puvirnituq mwaka 1986, ikafuata Inukjuak mwaka 1998 na Salluit mwaka 2004.

Kwa hiyo Alaska inajibu swali la nani atamhudumia mgonjwa hapa kijijini usiku huu. Nunavik inajibu swali jingine: kwa nini huduma yenu lazima itutoe nyumbani? Kabla hujasoma ukurasa mwingine wowote kuhusu mipango hii, jiulize lako ni lipi kati ya hayo mawili. Wengi wanaoniuliza huanza na bajeti, na hapo ndipo wanapopotea njia.

Mafunzo: wa kwenda na kurudi, na wa kubaki

Mhudumu wa Alaska huajiriwa na shirika la afya la wenyeji, na baraza la kijiji chake lina sauti katika kumteua. Analipwa mshahara. Nalisisitiza hili kwa sababu kwetu neno "mhudumu wa jamii" limezoea kutembea na neno "kujitolea", na huyu hajitolei. Husoma kwa vipindi vinne, kila kimoja wiki tatu hadi nne, katika vituo kama vya Anchorage, Bethel na Nome. Akimaliza kipindi anarudi kijijini, anafanya kazi, anatimiza orodha ya ujuzi aliyopewa, kisha anaitwa kwa kipindi kinachofuata. Hii ina maana kwamba hata kabla hajahitimu tayari anawaona wagonjwa, ila kwa mipaka ya daraja lake. Kijiji hakisubiri miaka mitatu kupata mtu.

Mkunga wa Nunavik hasafiri kwenda chuoni. Anajifunza pale pale, kitandani pa mzazi, akiwa pembeni ya mkunga aliyemtangulia, kwa lugha yake. Mwanzoni walimu walitoka kusini. Baadaye Wainuiti waliokwisha kuhitimu wakawa wanawafundisha wenzao. Ni mafunzo ya miaka, si ya wiki. Faida yake unaiona haraka: mwanamke mwenye watoto wadogo anaweza kuwa mwanafunzi bila kuivunja nyumba yake. Hasara yake ni hesabu. Katika vijiji vyenye watu mia chache au elfu moja na ushee, kuzaliwa kwa watoto si tukio la kila siku, kwa hiyo kumfikisha mwanafunzi kwenye idadi ya uzazi inayotakiwa kunakwenda polepole. Mwenye haraka Nunavik itamchosha.

Kitabu na kikao

Hapa ndipo ninapopenda kukaa, maana ndipo mipango hii inapofundisha zaidi na kuigwa vibaya zaidi.

Nguvu ya mhudumu wa Alaska imo katika mwongozo wake. Zamani ulikuwa vitabu vinene, siku hizi uko pia kwenye kompyuta. Mgonjwa akija na maumivu ya tumbo, mhudumu hafungui kichwa chake, anafungua mwongozo: uliza hivi, pima hivi, tazama hapa. Akishamaliza anaripoti kwa daktari, ambaye anaweza kuwa mamia ya kilomita mbali, na pamoja wanaamua. Kwa baadhi ya mambo ana maagizo ya kudumu yaliyotiwa saini, hivyo hahitaji kupiga simu kila mara. Wakati wa zamani ripoti hizo zilikwenda kwa redio ya masafa mafupi, saa maalumu kila siku, na wanakijiji wenye redio waliweza kusikia nani anaharisha na nani ana mimba. Mwaka 1971 walianza kujaribu mawasiliano kwa setilaiti ya ATS-1, wakati sehemu kubwa ya dunia ilikuwa haijafikiria jambo hilo. Baadaye zikaja picha za sikio na koo, zinazotumwa kwa kompyuta. Bethel hadi leo mawasiliano haya huyaita ya redio, ingawa redio yenyewe ilikwishastaafu.

Anayeiga huchukua kitabu. Kitabu ni rahisi kutafsiri, kinapigwa chapa, kinapigwa picha siku ya uzinduzi. Asichokichukua ni daktari wa upande wa pili wa waya, ambaye kazi yake, si hisani yake, ni kusikiliza ripoti ya kila mhudumu. Bila huyo daktari mwongozo ni karatasi, na mhudumu ni mtu aliyeachiwa mzigo usio wake. Kama wilaya yako haina tabibu au daktari wa kukaa kwenye simu, usijidanganye kwamba unaanzisha mfumo wa Alaska.

Nunavik nguvu yao imo katika kikao. Kila wiki wakunga wanakutana na madaktari na wauguzi, na kila mimba inapitiwa, kwa kawaida ikiwa katika wiki ya 32 hadi ya 34, ili kuamua mama huyu ajifungulie wapi. Wanaoongoza kikao ni wakunga. Wanaangalia damu, presha, historia ya uzazi uliopita, lakini wanaangalia pia nani atabaki na watoto, mume yuko wapi, na mama mwenyewe anasemaje. Kwa mtaalamu wa kusini hatari ni ile ya kitabibu tu. Kwa kikao cha Puvirnituq, kumtoa mtu kwao nako ni hatari inayopimwa, inawekwa mezani pamoja na nyingine.

Na hapo hakuna mzaha. Puvirnituq hawana chumba cha kufanyia upasuaji wa uzazi. Mama akikwama, ndege inakwenda Montreal, safari ya zaidi ya kilomita 1,000, ikiwa hali ya hewa itaruhusu kuruka. Mtu akisikia hivyo husema: basi ni wazimu. Matokeo yamechapishwa. Katika uzazi uliofuatiliwa kuanzia 2000 hadi 2007, asilimia 86 ulifanyika Nunavik kwenyewe, wakunga walisimamia asilimia 85, na asilimia 97 ya watoto walizaliwa kwa njia ya kawaida bila kusukumwa na vyombo wala kisu. Damu kuvuja baada ya kujifungua ilitokea, na mara nyingi ilitibiwa pale pale. Huko si kubahatisha. Ni watu wanaoijua mimba ya kila mama kabla ya uchungu kuanza.

Sasa linganisha na Bethel. Bethel ni mji ulio kando ya mto Kuskokwim, nao huhudumia vijiji takriban 50 vya delta ya Yukon na Kuskokwim, vya watu wa kabila la Wayupik. Unafikika kwa ndege, kwa boti wakati wa kiangazi, na mto ukiganda watu hupita juu yake kwa pikipiki za theluji na hata kwa magari. Mhudumu wa kijiji hufanya kliniki ya wajawazito vizuri tu. Lakini siku zikikaribia, kama mwezi mmoja kabla, mama anaaga kwao na kwenda kukaa katika nyumba ya kusubiria kujifungua mjini. Wenye hatari kubwa wanapelekwa mbali zaidi, Anchorage. Wasomaji wa Tanzania na Kenya wanazijua nyumba za aina hiyo. Nasi tunazo, na tunazisifu. Mwanamke wa Puvirnituq angezitazama kwa jicho jingine. Sisemi Bethel wamekosea, kwa sababu ukiwa na vijiji vingi hivyo, vingine vya watu mia mbili, huwezi kuweka mkunga kila kimoja. Nasema tu kwamba, kwa upande wa uzazi, Alaska haijatatua kile ambacho Nunavik ilikitatua.

Wataalamu walipokasirika

Mipango yote miwili iligombana na vyama vya taaluma, na ugomvi huo ni sehemu ya somo.

Alaska ugomvi mkubwa ulikuwa wa meno. Watoto wa vijijini walikuwa wanaoza meno huku daktari wa meno akifika mara chache kwa mwaka. Mwaka 2003 mashirika ya wenyeji yaliwapeleka vijana wao Chuo Kikuu cha Otago, New Zealand, nchi iliyokuwa ikifundisha wauguzi wa meno wa shule tangu 1921. Walirudi wakiwa matabibu wa meno: wanaziba, wanang'oa, wanafundisha usafi wa kinywa, chini ya usimamizi wa daktari aliye mbali. Chama cha madaktari wa meno cha Marekani na kile cha Alaska viliwashitaki mwaka 2006. Kesi iliisha mwaka 2007, matabibu wakabaki kazini, na mwaka huo huo mafunzo yakahamishiwa Alaska. Kumbuka walichofanya wenyeji: hawakungoja sheria ya jimbo iwaruhusu, walisimama juu ya mpango wao unaotambuliwa na serikali kuu.

Nunavik nako walizalisha kwanza, karatasi zikaja baadaye. Mwaka 1986 ukunga ulikuwa bado hauna uhalali Quebec. Sheria ilikuja 1999. Kwa miaka 13 wanawake wa Puvirnituq walikuwa wakifanya kazi nzuri ambayo jimbo halikuwa na jina lake. Hata baada ya sheria, ilibidi wajadiliane kwa muda mrefu ili mafunzo ya kijijini yahesabiwe sawa na ya chuo kikuu. Kama nchi yako ina baraza la wauguzi na wakunga lenye meno makali, jiandae mapema kwa mazungumzo hayo, au anza kama Alaska, na kada mpya isiyogombea jina la mtu.

Nani mwenye kazi

Mwaka 1975 uliibeba mipango yote miwili, kwa sadfa tu. Marekani ilipitisha sheria iliyoruhusu makabila kuchukua fedha za huduma zao na kuziendesha yenyewe. Mwaka huo huo Wainuiti na Wakrii, wenyeji wengine wa asili wa eneo hilo, walitia saini na Kanada na Quebec mkataba wa James Bay na Kaskazini mwa Quebec, ambao ndani yake zilitoka taasisi za mkoa, zikiwemo za afya.

Kutoka hapo njia zikaachana. Alaska ilikwenda mbali zaidi. Mwaka 1994 makabila yaliingia mkataba wa pamoja na serikali kuu. Mwaka 1997 yaliunda shirika la muungano la afya. Kisha yakachukua hata hospitali kubwa ya Anchorage. Mwajiri wa mhudumu, msimamizi wake, kituo alichosomea na hospitali anayompelekea rufaa, vyote vina wenyeji katika bodi. Nunavik ina bodi yake ya afya ya mkoa na hospitali zake mbili, Puvirnituq na Kuujjuaq, lakini ndani ya mfumo wa umma wa Quebec, na madaktari na wauguzi wengi bado ni wageni wanaokuja na kuondoka. Wakunga ni kisiwa cha wenyeji ndani ya bahari ya watu wa kusini. Ndiyo maana mafanikio yao yanashangaza, na ndiyo maana hayakuenea kwa urahisi kwenye huduma nyingine.

Hapa wengi watakutajia Nuka, mfumo wa Southcentral Foundation, shirika la afya la wenyeji wa Alaska, uliopata tuzo ya Baldrige, tuzo ya Marekani ya ubora wa uendeshaji, mwaka 2011 na tena 2017. Aliyeuongoza kwa miaka mingi, Katherine Gottlieb, alianza kazi pale kama mpokezi. Wagonjwa wanaitwa wateja na wamiliki, na si maneno ya bango tu: kila familia ina timu yake inayoijua. Ni mfumo mzuri sana. Lakini makao yake ni Anchorage, jiji lenye barabara, maduka makubwa na wataalamu wa kila aina. Nimeona andiko la mradi lililotaka kupeleka "Nuka" kwenye kata isiyo na umeme. Soma Nuka ukiwa na hospitali ya mji inayowachukiza watu wake. Kwa kijiji, soma mhudumu wa kijiji.

Uchovu

Upungufu wa Alaska ambao hauwekwi kwenye vipeperushi ni huu: mhudumu hana saa ya kutoka kazini. Usiku wa manane mlango unagongwa, na anayegonga ni shemeji yake. Anayemfufua anaweza kuwa mpwa wake, na akishindwa, kesho yake anakutana na dada yake msibani. Wengi huacha kazi, na kila anayeacha anaondoka na miezi ya mafunzo. Nunavik wakunga nao wanachoka, maana ni wachache, ila hawabebi peke yao. Kazi yao imejengwa kwa zamu, na kwa kikao. Kwa Alaska dawa inayojulikana ni kuweka angalau wawili katika kijiji, na wengine wa kushika zamu kutoka nje. Usipande mbegu ya mmoja mmoja kwa sababu bajeti ni ndogo. Utaipanda kila mwaka.

Uchague upi

Vijiji vingi vidogo, hakuna mtumishi kabisa, magonjwa ya kila aina: chukua Alaska. Lakini anza na upande wa daktari. Mwaka wa kwanza tafuta watu wa kukaa kwenye simu na uandike maagizo ya kudumu, halafu ndipo uwaite wahudumu darasani. Wachaguliwe na kijiji, walipwe, wawe wawili wawili.

Huduma ipo, ila inawatoa watu kwao, na makundi ya watu si madogo mno, tuseme tarafa au kisiwa chenye wazazi wa kutosha kila mwezi: chukua Nunavik. Andaa miaka kumi, si mitatu. Kikao cha kila wiki kianze hata kabla ya mkunga wa kwanza kuhitimu, na kiongozwe na wakunga, daktari awe mjumbe.

Kama tatizo lako ni la mkataba, yaani serikali iko tayari kuwaachia wenyeji fedha na madaraka lakini hakuna ajuaye yaandikwe vipi, usiende Alaska wala Nunavik. Tazama British Columbia, jimbo la magharibi mwa Kanada, ambako mamlaka ya afya ya Mataifa ya Kwanza, yaani wenyeji wa asili wasio Wainuiti, ilipokea huduma kutoka kwa serikali ya Kanada mwezi Oktoba 2013. Greenland ilichukua huduma zake kutoka Denmark mwaka 1992, lakini pale ni nchi nzima yenye bunge lake, kwa hiyo mfano wake hausaidii wilaya.

Mimi, kwa kisiwa ninachokifikiria kila ninapoandika haya, ningeanza na wahudumu wawili wa aina ya Alaska kila kijiji, na humo humo ningewatafuta wasichana watatu wa kukaa pembeni ya mkunga wa kituo cha afya kuanzia mwezi wa kwanza. Wahudumu nitawaona wakifanya kazi kabla ya mwaka kwisha. Wakunga pengine atawapokea mtu mwingine ofisini, mimi nikiwa nimehamishwa.